Kona Isiyorudi

Jumapili, 2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nikimtaja Baba unakata, halafu kesho yake unanipigia unajifanya mtandao ulikuwa mbaya. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua vizuri, karatasi nzuri huna moyo wa kuichana, na hii nimeichagua nzuri makusudi.

Habari njema kwanza. Mimi na Fundi Saa tumepanga siku: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, hapo hapo kwako, uani. Nimekaa na mtu huyu muda wa kutosha kujua kwamba anakoroma, anapika kunishinda, na saa yake mwenyewe ya mkononi haijawahi kwenda sawa. Nikimuuliza, anasema mganga hajigangi. Nimemkubali hivyo hivyo.

Kadi za mwaliko nataka uzitengeneze wewe. Nilipita dukani kutazama zao, zinang'aa kama karatasi ya peremende na maneno yake hata hayajui harusi ni ya nani. Nikatoka bila kuaga.

Ilibidi nimweleze Fundi Saa sheria yetu. Aliona kadi zangu zote nilizozipanga ukutani, hizo ulizonitengenezea tangu utotoni, akaniuliza kwa nini kila moja imekatwa kona. Alidhani ni panya! Nikamwambia, bwana wewe, ukoo wetu una utaratibu wake. Ukipata kadi, unakata kona moja na kuirudisha kwa Shangazi. Kona ile anaibandika ndani ya kadi yako inayofuata, iwe ya kuzaliwa, ya kufaulu au ya msiba. Usiporudisha, hupati nyingine. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo kila kadi ina mama yake." Nikaona huyu ameelewa.

Sasa lile lililonifanya ninunue bahasha. Nataka kadi moja iende kwa Baba. Nataka siku ile, nikitoka mlangoni kuingia uani, awe yeye aliyenishika mkono. Najua tangu nikiwa darasa la kwanza hajakurudishia kona. Najua utasema hapana. Ndiyo maana nimeandika, ili useme hapana yako kwa mwandiko, niisome, halafu nikubishie vizuri.

Mwanao,
Vipimo


Jumanne, 11 Juni

Mwanangu Vipimo,

Marahaba. Barua imefika, karatasi nzuri kweli. Nimeikunja nimeitia kwenye droo, maana nyuma yake ni nyeupe, na nyeupe haitupwi.

Hongera, mama! Nilipiga kelele jikoni peke yangu mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia mtoto wangu anaolewa na fundi wa saa. Akasema, "Basi huyo angalau hatachelewa." Nikamwambia subiri umwone.

Kadi nitatengeneza mimi, nani mwingine? Nimekaa kwenye meza ya kufunga vitabu pale kiwanda cha uchapaji mpaka nywele zikabadilika rangi, na haikuwahi kutoka mikononi mwangu kazi iliyopinda. Sitaanzia kwenye harusi yako. Nimeshapata manila rangi ya maziwa. Mbele nitakata dirisha dogo la duara, kama uso wa saa, na nyuma ya dirisha nitapitisha uzi mwekundu, ndiyo kamba yako ya kupimia mashamba ya watu, nimeufunga fundo katikati. Fundi saa na mpima ardhi, mmefungwa. Usiniambie nibadilishe. Ni nzuri.

Nakumbusha: wale waalikwa wetu wa zamani kila mmoja alete kona yake kabla ya mwisho wa mwezi. Hao wa upande wa Fundi Saa ni wageni, kadi ya kwanza wanapata bure.

Haya, tuje kwa baba yako. Hapana.

Usidhani ni roho mbaya. Bibi yako, mama yetu, alianzisha jambo hili kwa sababu posta ya enzi zake ilikuwa inameza barua. Kona ikirudi, unajua kadi imefika, na unajua aliyeipata anataka nyingine. Ndiyo maana yake, basi. Ni mtu kusema "nipo" bila kulazimika kuandika. Hata yule mjomba wenu asiyejua kushika kalamu hurudisha kona. Baba yako anajua kusoma na kuandika vizuri sana.

Mwaka ule ulipoanza shule nilimtengenezea kadi ya siku yake ya kuzaliwa. Wewe mwenyewe ulisaidia, ukanichafulia meza kwa rangi ya buluu mpaka kwenye pazia. Alikuwa ameshahamia kule kwenye kazi zake za kuchomelea matangi. Nilimkabidhi dereva ninayemwamini, na dereva akarudi akasema amempa mkononi, akamwona anaifungua. Kona haikurudi. Nikamkumbusha, kimya. Nikamkumbusha kwa ukali, kimya zaidi. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Sitakaa kumkatia na kumkunjia mtu aliyeitupa ya kwanza.

Uani kwangu kuna watu wengi wa kukushika mkono. Mimi wa kwanza.

Shangazi yako


Alhamisi, 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma hapana yako. Mwandiko umenyooka, umependeza. Lakini sikubali.

Wewe ni mkaidi na mimi umenilea wewe, kwa hiyo ulitarajia nini? Nimeamua kumtengenezea Baba kadi mwenyewe. Nilinunua manila, nikachukua rula, nikapima kila upande mara mbili. Nikachemsha gundi ya unga wa ngano kama ulivyonifundisha. Sikuwa na haraka, nilikuwa na subira yote ya dunia. Kadi ikatoka imenyooka kabisa, imekufa kabisa. Ukiitazama unadhani ni hati ya kiwanja. Fundi Saa aliigeuza mbele na nyuma akasema kwa upole, "Mipaka yake iko wazi." Asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga mstari kuanzia dirishani, wanakula gundi. Wamekula harusi yangu kuanzia pembeni.

Nimecheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia kidogo. Nakwambia kwa sababu nikimwambia mtu mwingine hataelewa kwa nini mtu alilie manila.

Shangazi, mimi sina hasira naye kama wewe. Nina hasira, lakini ni ya aina nyingine. Wewe ulipoteza mdogo wako ukiwa mtu mzima, unajua alivyokuwa anacheka. Mimi ninachokumbuka ni viatu. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, dereva analeta kasha, ndani viatu vyeusi, hakuna hata kikaratasi. Na kila mwaka vilinibana. Nilikuwa navivaa hivyo hivyo mpaka kisigino kinachubuka, nikisema labda vitapanuka. Nilijiuliza ni baba gani huyu asiyejua hata mguu wa mwanawe. Nataka kumwuliza ana kwa ana, nikiwa nimemshika mkono asikimbie.

Nimepata anuani ya karakana yao kwa mtu tuliyemfanyia kazi ya kupima kiwanja. Nitamwandikia. Simwombi kitu kikubwa. Nitamwomba kona, basi. Akituma kona, wewe utakuwa huna neno, na utatengeneza.

Vipimo

Na hiyo gundi, unatia nini wewe mpaka sisimizi wasije?


Jumapili, 23 Juni

Baba,

Shikamoo. Ni mimi. Sijui kama mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo nasema wazi: ni binti yako, niliyekuwa naishi kwa Shangazi, sasa napima ardhi na nakaa peke yangu kwa mshahara wangu.

Naolewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, uani kwa Shangazi. Mwenzangu ni fundi wa saa, mtu mtaratibu, utampenda. Nataka uwepo. Nataka unishike mkono nikitoka nje kwa watu.

Shangazi anataka kukutengenezea kadi ya mwaliko. Nasema anataka, hata kama mdomo wake unasema lingine. Kinachomzuia ni kona tu. Ile kadi niliyokutumia nikiwa mdogo, kama bado unayo, kata kona yoyote uitie kwenye bahasha. Hata ndogo. Hata iliyoliwa na mende, hatutauliza.

Kama uliitupa, niambie. Nitaumia, lakini nitajua.

Binti yako


Jumamosi, 6 Julai

Mama,

Marahaba. Barua yako nimepata. Nimefurahi kwa ajili yako. Huyo fundi mpe hongera zangu.

Kona siwezi kutuma. Naomba usinidai hiyo. Na asiye na kona hana kadi, asiye na kadi haji. Sheria hiyo naijua tangu kabla hujazaliwa.

Sasa hivi unavaa viatu namba ngapi?

Baba yako


Jumapili, 14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ulisema kweli. Aliitupa.

Nilimwandikia kwamba hata kona iliyoliwa na mende nitaipokea, naye ameniandikia mistari unayoweza kuihesabu kwa vidole. Hakusema ameitupa, amesema "siwezi kutuma." Mtu asiyeweza kutuma kipande cha karatasi kisichofikia ukucha ni mtu asiyekuwa nacho. Halafu mwishoni, baada ya kuninyima, ananiuliza navaa viatu namba ngapi! Nilitaka kumjibu kwamba navaa namba aliyoshindwa kuijua miaka yote. Sijamjibu.

Usihuzunike, mimi niko imara. Kesho naenda kupima shamba lenye mgogoro, ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya mti wa mpakani. Nitawapimia, nitawaonyesha mstari, na mmoja atanuna. Kazi yangu naijua. Harusi itakuwepo na itapendeza. Unishike mkono wewe, kama ulivyosema.

Lakini nilidhani anayo. Kumbe ndani kabisa nilikuwa na uhakika anayo.

Vipimo


Ijumaa, 19 Julai

Mdogo wangu,

Sijakuandikia muda mrefu na leo sikuandikii kwa mapenzi. Nakuandikia kwa hasira, na hasira yangu ina nidhamu, kwa hiyo nimekaa mezani na nimenoa kalamu.

Mimi ukininyima, sawa. Tumegombana tangu tukiwa tunagombania kijiko. Ulipokosa kurudisha kona yangu nilisema maneno yangu, ukanyamaza, nikakufutia kadi. Yalikuwa ya kwangu na kwako. Lakini sasa mtoto amekuomba mwenyewe. Amekuandikia kwa mkono wake kwamba hata kipande kilicholiwa na mende atakipokea. Unamjibu "siwezi." Huwezi nini? Huna mkasi? Wewe unayekata mabati ya unene wa kitabu umeshindwa na karatasi?

Kama umeitupa, mwambie umeitupa, mwanaume hasemi nusu. Kama unayo, kata kona, tia stempu, lipa deni lako kwa mtoto. Ananiambia yuko imara. Nimemlea, namjua. Akisema yuko imara mara moja, ni kweli. Akisema na kueleza kazi yake ya kesho, amevunjika.

Jibu. Safari hii ukinyamaza nitapanda gari nije nikuvute sikio mbele ya wafanyakazi wenzako, na unajua naweza.

Dada yako


Jumatatu, 29 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama wima, maana ilinijia kama uko mbele yangu na mwiko mkononi.

Mimi si mtu wa maneno, unajua. Tumboni kwa Mama maneno ulibeba wewe yote, nikaja nikakuta yamekwisha. Lakini leo nitajaribu, na usinikatize.

Unataka kona. Na mimi nakuuliza, kona ipi?

Umesahau kilichokuwa juu ya kadi ile. Wewe ulikata manila ukaikunja, ndani ukaandika maneno yako mazuri. Mbele ulimwachia mtoto. Alichovya mkono kwenye rangi ya buluu akaugandamiza. Karatasi ilikuwa ndogo, alitanua vidole, mkono ukaijaza yote. Kona ya chini kushoto ni kidole gumba. Kona ya juu kushoto ni cha shahada. Juu kulia kipo cha mwisho, kimepinda kidogo, unakumbuka kilivyokuwa kimepinda. Chini kulia ni kiganja, na mistari yake inaonekana. Hakuna kona tupu, Dada. Nimeigeuza kila upande, hakuna.

Nilichukua mkasi siku ile ile dereva aliponipa. Niliuweka kwenye kidole chake cha buluu nikauondoa. Kesho yake nikajaribu tena. Mama yake ndiyo kwanza tumemzika, mtoto nimemwacha kwako nikaja huku kutafuta kazi, halafu nikae chini nimkate kidole nikitie kwenye bahasha? Ni kweli nakata chuma kutwa nzima. Karatasi ile ilinishinda, na mpaka leo inanishinda.

Halafu ukaniandikia kwamba asiyerudisha kona hana haja na nyinyi. Ningejibu nini? Kwamba naogopa karatasi? Ungecheka. Na nikaona labda unasema kweli, mtu anayemwachia dada yake mtoto hana la kujitetea. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na kila uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Viatu nilikuwa napima kwa mkono ule. Nilimwuliza muuza viatu, mtoto mwenye mkono huu ana mguu gani? Akaniambia. Mwaka uliofuata nikaongeza kidogo kwa kukisia, na uliofuata hivyo hivyo. Dereva aliniambia vinambana. Sikuweza kuamini amekua kiasi hicho, Dada. Kila nikiutazama mkono ule ulikuwa ule ule.

Kadi ninayo. Iko kwenye kasha la vifaa vyangu, katikati ya mabati mawili membamba niliyoyatia bawaba upande mmoja ili isikunjike. Kwa mtoto nilishindwa kuandika haya, angedhani naomba huruma. Wewe huna huruma, ndiyo maana nakwambia.

Kama sheria ni lazima, basi nitakuja na kadi na nitakuja na mkasi, uikate wewe. Kidole uchague mwenyewe.

Mdogo wako


Jumapili, 4 Agosti

Mwanangu Vipimo,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya baba yako kwangu. Isome kwanza kabla ya yangu, halafu urudi hapa. Mimi nasubiri.

Umerudi? Jifute. Haya.

Usiniulize kama nimelia. Macho yangu siku hizi yanasumbuliwa na mvuke wa gundi. Jirani naye yanamsumbua, nilimsomea.

Sasa nisikilize. Sheria ya mama yangu haikuwa na kosa, na mimi katika kuifuata sikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la karatasi. Mwaka ule manila ilikuwa inauzwa vipande vidogo, na wewe ulikuwa na mkono mkubwa kama wa baba yako. Fundi mzuri huacha pambizo, na siku ile fundi alikuwa wewe, mimi nilikuwa nafuta pazia. Kwa hiyo tumemalizana.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nilidhani wanasema habari za wakubwa na mabosi. Kumbe kuna mjinga mmoja wa tumbo moja nami aliyelifuata neno hilo kama lilivyo, na hakumwambia mtu. Siku zote hizo! Nitamvuta sikio, nimeshaahidi, halafu nitampikia.

Kazi ipo na siku hazipo. Nimekuwekea manila humu, imekunjwa tayari. Ni kubwa, nimeikata mimi. Chukua rangi ya buluu, chovya mkono wako wote, ugandamize mbele, katikati. Katikati, nasema! Kona zote nne zibaki nyeupe. Wewe ni mpima ardhi, sitegemei uvuke mpaka. Ukiinua mkono, uinue moja kwa moja, usiuburute.

Ndani utakuta nimeshabandika kona. Si yake. Nimeikata kwenye kadi yangu mwenyewe, ile uliyonitengenezea nilipostaafu, yenye kitabu kilichofungwa kinyumenyume. Kwa hiyo kadi hii mama yake ni mimi. Najua sheria inasema nini. Lakini mwenye nguo ndiye anayeitia kiraka, na nguo hii nimeirithi mimi. Nikifa utaitia kiraka wewe.

Maneno ya ndani nimeandika mimi, usiongeze kitu. Nimeandika "Njoo." Nilianza na maneno mengi nikayafuta, kwa mtu kama yule mengi ni kelele.

Ukimaliza usinirudishie, itume kwake moja kwa moja, posta, kwa rejesta. Na umwandikie namba ya kiatu. Mtu amekuuliza swali, mjibu.

Siki. Kwenye gundi natia siki kidogo. Sisimizi hawaipendi. Ulikuwa umeniuliza.

Shangazi yako


Jumanne, 20 Agosti

Mama,

Marahaba ya salamu zako. Kadi imefika, haijakunjika.

Kona hii hapa ndani ya bahasha. Ifungue taratibu isidondoke. Nimekata ya chini kulia, iliyo mbali zaidi na vidole. Mkasi niliazima kwa mke wa msimamizi, wa kwangu ni wa bati. Nilikata taratibu, ingawa hapakuwa na kitu cha kukata ila weupe.

Wenzangu karakana waliniuliza huo mkono ni wa nani. Nikasema wa binti yangu. Wakasema mbona hukuwahi kutuambia una binti. Nikafungua kasha nikawaonyesha na ule mdogo. Walitazama, mmoja akazima mashine. Halafu tukarudi kazini.

Nafika Alhamisi kabla ya siku yenu. Mwambie Shangazi yako sikio langu la kushoto halisikii vizuri siku hizi, avute la kulia. Mwambie Fundi Saa nina saa ya babu yako iliyosimama, nitamletea, nione kama kweli ni fundi.

Viatu nimenunua namba uliyoniandikia. Muuzaji aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ameandika mwenyewe.

Ile ya zamani naileta nzima. Shangazi yako akae nayo mbali. Nataka niiweke mezani, uweke mkono wako juu yake, niuone ulivyoipita kila upande. Ukishanionyesha, usiuondoe haraka. Nikitosheka nitakuambia. Halafu huo huo utanishika, tutoke uani kwa watu.

Baba yako